Pasi ya Mama na Soketi Pokea-Zote

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, isipokuwa pua, ambayo tangu nifike nchi hii haijaikubali hali ya hewa. Mkaza mjomba hajambo? Mguu wake umepona? Mwambie zile soksi alizonifumia nazivaa mbili mbili. Nisalimie na majirani wote, hasa mshona nguo wa kona, na umwambie redio yake naikumbuka ingawa masikio yangu yamepumzika.

Picha yenu imefika. Nimeiweka juu ya meza yangu ya maabara, kati ya mizani na kopo la kalamu. Umependeza, ingawa tumbo limeanza kukutangulia. Lakini mjomba, mbona gauni la mama lina makunyanzi? Mama yangu huyo huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mstari kwa jinsi anavyonyoosha suruali za watu? Aliyekuwa akipiga pasi hata vitambaa vya jikoni? Au ile pasi niliyomtumia kwa mshahara wangu wa kwanza imeharibika? Nikimuuliza kwenye simu anajibu, "Pasi ipo," kisha ananiuliza kama nimekula. Ningekuuliza wewe kwa simu, lakini simu unaishika kama kaa la moto, ndiyo maana nakuandikia, kama tulivyozoea tangu nikiwa shule ya bweni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua kazi yangu hapa ni kupima plagi na soketi. Ila sijakusimulia siku yangu ya kwanza. Nilitaka kuchomeka chaja ya pini mbili kwenye soketi ya matundu matatu, nikafanya kama tunavyofanya nyumbani miaka yote: nikachukua kalamu, nikachokoa tundu la juu ili vizibo vya matundu ya chini vifunguke. Maabara nzima ikageuka kunitazama. Mkuu wangu akauliza nani amenifundisha hayo. Nikasema mjomba wangu, fundi umeme. Tangu siku hiyo huku unajulikana kuliko unavyodhani.

Mwezi wa tisa kamati ya viwango ya kanda yetu itakutana. Nchi sita, plagi za aina nne: hawa wana pini tatu za mraba, wale mbili za duara, wengine bapa, wengine nene zenye vibati ubavuni, kila mmoja na alichorithi. Sasa wanataka soketi ya aina moja kwa nyumba zote. Hoja kubwa itakuwa ile soketi yenye matundu mapana inayoingiza plagi ya kila aina, ile unayoiita pokea-zote. Iruhusiwe, au ipigwe marufuku? Vipimo wamevikabidhi maabara hii, na ripoti naiandika mimi.

Nakuomba kitu kimoja. Fungua soketi kumi katika zile ulizofunga. Angalia kama ndani pana palipoungua. Pima kama waya wa ardhi unaifikia plagi inayochomekwa. Kisha uniandikie unachokiona, kiwe kizuri au kibaya. Katika kamati nzima hakuna mtu aliyefunga soketi nyingi kuliko wewe.

Ni mimi wako,
Bisibisi

29 Machi

Kwako Bisibisi,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mguu wa mkaza mjomba wako umepona kiasi kwamba sasa ananifuata mpaka kazini kuniambia nimechelewa kula. Tumbo unalolisema ni kitambulisho cha fundi anayependwa na wateja wake, kwa hiyo liheshimu. Mshona nguo nilimsomea ile habari ya kalamu. Alicheka mpaka akajidunga sindano, akasema wewe ni wetu kweli, hata wakikuvisha koti jeupe.

Habari ya gauni la mama yako: vitambaa vya siku hizi havina adabu, ukikaa tu vimejikunja. Na umri, mpwa wangu, umri. Tuyaache hayo.

Sasa pokea-zote. Naona koti jeupe limekusahaulisha tulikotoka. Umesahau birika la nchi hii, televisheni ya nchi ile, na adapta zilizopandana ukutani, moja imebeba nyingine, mpaka ukipita na ndoo unaziangusha? Umesahau kijiti cha kuchokolea tundu la juu nyuma ya kila redio, na ole wake aliyekipoteza? Nilipoziona pokea-zote dukani kwa mara ya kwanza, nilimwomba muuzaji plagi nne tofauti, nikazichomeka moja baada ya nyingine, zote zikaingia. Nilitamani kupiga vigelegele, mwanamume mzima.

Tangu hapo nimefunga sitini na tatu. Ya kwanza iko chumbani ulikokuwa ukisomea. Mtaani naitwa Fundi Pokea-Zote, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Mtu akiletewa kitu kutoka ng'ambo haulizi kina plagi gani, anauliza kama nyumba yake nimeifunga mimi. Hata ile pasi yako, yenye pini mbili nene na vibati ubavuni, iliingia kama imezaliwa humo. Niliwaita majirani waje waone.

Soketi inayofanya kazi haifunguliwi. Daktari hampasui mtu mzima ili ajue kama ni mzima. Waambie hao wa kamati kwamba fundi mwenye miaka thelathini na minane ya kazi anasema ziko sawa. Waandike hivyo, watie mhuri, wanywe chai.

Mjomba wako,
Fundi Pokea-Zote

25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mguu umepona. Pua yangu nayo imeanza kuzoea, nashukuru. Nimehamia chumba kingine chenye dirisha kubwa, na mpangishaji ameshajua kazi yangu. Kila jioni ananigongea niangalie kitu chake.

Barua yako niliisoma mara tatu nikicheka. Mara ya nne sikucheka. Niliomba uniambie kilichomo ndani ya soketi, wewe ukaniambia kilichomo ndani ya moyo wako. Moyo wako naujua.

Hapa tunachomeka pini kwenye soketi, tunaning'iniza uzito, tunatazama kama soketi itaishika au itaiachia. Tunaipitishia umeme saa nyingi, tunapima joto. Sikuambii matokeo, kwa sababu nataka ya kwako kwanza, yasiyochanganywa na ya kwangu. Wiki iliyopita mjumbe wa nchi yetu alipita maabara. Ni mtu mpole, hana ubaya. Akasema nyumbani watu wanaipenda mno soketi hii, ingefaa ripoti iseme "imefaulu kwa masharti". Nikamuuliza masharti gani. Akasema hayo nitayatafuta mimi.

Saini itakuwa yangu, mjomba. Fungua hata tano.

Na mama nimempigia jana. Nikamwambia, "Nionyeshe pasi." Akasema simu inaishiwa chaji. Kuna nini huko?

Bisibisi

20 Mei

Mpwa,

Salamu nimezipata. Sote wazima.

Nilikufundisha kushika bisibisi kabla hujajua kushika kalamu vizuri. Leo unataka niingie nyumba za watu, nifungue kazi yangu mwenyewe mbele yao, na mtaa uulize, "Kwani Fundi ana wasiwasi gani?" Mimi sijawahi kurudi kwenye nyumba kurekebisha kosa langu. Muulize yeyote.

Mama yako hana tatizo. Salimia wenye makoti.

Mjomba wako

10 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena kwa magoti yote mawili. Naomba radhi kama nimekukosea adabu. Mkaza mjomba ameniambia kwenye simu kwamba siku hizi huli vizuri na unajibu watu kwa mkato. Najua ni kwa sababu yangu.

Nilikuficha jambo, na mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nalitoa. Pokea-zote nilizipima mwezi wa pili, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilipima ishirini, za viwanda vinne. Zimeshindwa zote. Ripoti niliimaliza, nikaiweka kwenye droo bila saini. Imekaa humo miezi minne. Kila nikishika kalamu nakuona umesimama juu ya ngazi ukutani kwetu, mimi chini nimeshika boksi la skrubu, unaniambia, "Hii nafunga kwa ajili yako, usome bila kutafuta kijiti."

Nilikuomba ufungue soketi kumi nikitumaini zako zitakuwa tofauti. Ni ujinga wa kisayansi, lakini ndio ukweli. Nilitaka mikono yako iwe imefanya kitu ambacho mashine yangu haikukiona.

Nitasaini. Ukijibu nitasaini, usipojibu nitasaini. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba umeme haumwamkii mkubwa wala haumhurumii mdogo. Nilikuwa na miaka tisa uliponiambia hivyo, na ndiyo elimu niliyokuja nayo huku. Nilitaka tu habari ya ripoti uisikie kwangu kabla hujaisikia redioni kwa mshona nguo.

Sina hasira. Najivunia kuwa mpwa wako hata ukikaa kimya mwaka mzima.

Bisibisi

14 Agosti

Bisibisi wangu,

Marahaba, na inuka hapo kwenye magoti, sakafu za ugenini ni baridi. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Amefuma kofia, jiandae. Mshona nguo amepata mjukuu, na sasa redio anaipunguza mwenyewe bila kuombwa.

Nimekaa kimya miezi miwili kwa sababu nilikuwa kazini. Barua yako ilipofika niliisoma dukani kwangu nimesimama, nikafunga duka, nikaenda nyumbani kwa mama yako. Nilizima swichi kuu. Nikaanza na ile ya chumbani kwako.

Hukuniambia nifungue zote, uliniambia kumi. Nimefungua sitini na tatu. Nyumba kwa nyumba, testa mfukoni. Kila mlango niliulizwa, "Fundi, kuna nini?" Mwanzoni nilisema nafanya ukaguzi wa kawaida. Nyumba ya tano ulimi ulichoka kudanganya, nikaanza kusema, "Nimekuja kuangalia kosa langu." Nilikuwa na haki kuhusu mtaa. Unauliza sana. Ila hakuna aliyenifungia mlango.

Andika haya. Kumi na tisa zimeungua kwa ndani, plastiki imegeuka rangi ya chai. Ishirini na sita zimelegea, plagi inacheza kama jino la mtoto. Na zote, mpwa wangu, zote sitini na tatu, ukichomeka plagi yenye vibati ubavuni, waya wa ardhi haugusi kitu. Umefika kwenye soketi, nimeuvuta mwenyewe, nimeufunga vizuri kwa mkono huu. Umekaa pale unangoja, na plagi inapita pembeni. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nafurahi kwamba plagi imeingia. Sikuwahi kujiuliza imegusa nini.

Sasa la mama yako. Alinikataza nisikwambie, na leo namvunjia neno lake.

Mwaka jana mwezi wa kumi alikuwa anapiga pasi shati langu. Langu mimi, nilikuwa na shughuli. Pasi ikampiga shoti. Ilimtupa mpaka mlangoni. Zile ndala za mpira anazozipenda ndizo zilizomwokoa. Mkono ulikufa ganzi siku tatu. Nilikuja mbio, nikaishika ile pasi yako, nikasema mbele ya kila mtu, "Pasi yenyewe mbovu, imegongwagongwa safarini." Wote wakaniamini, maana ni mimi niliyesema. Mama yako akasema mwanawe asijue, atajilaumu kwa zawadi yake. Akaiweka pasi juu ya kabati, na tangu siku hiyo hajagusa pasi yoyote, hata ya jirani. Ndiyo makunyanzi yale. Wewe uliyaona kwenye picha kutoka nchi ya mbali. Mimi nayaona kila siku na nilikuwa nageuza uso.

Juzi niliishusha nikaifungua. Ndani kuna waya mmoja umechubuka, unagusa bati. Kwa hiyo ndiyo, pasi ilikosea. Lakini pasi yoyote inaweza kuchubuka. Ndiyo sababu ya kuwepo waya wa ardhi, niliimba hivyo kwa mafundi wengine miaka thelathini na minane. Kama ungegusa vile vibati, umeme ungekatika na mama yako angemaliza shati. Pasi ilikosea kidogo. Soketi yangu ilikosea sana. Na mimi nilikosea kuliko zote mbili, kwa sababu zile hazina akili.

Usijilaumu. Nakuamuru kama mjomba.

Barua hii ifanye utakavyo. Ukitaka kuisoma mbele ya wakubwa, soma. Na saini, mwanangu. Saini kwa wino mzito.

Mjomba wako

22 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mkaza mjomba mwambie kofia imefika na inanifunika mpaka macho, naipenda. Mshona nguo hongera zake.

Nilijilaumu. Amri yako niliivunja kwa siku mbili, nikalia bafuni na bomba limefunguliwa ili mpangishaji asisikie. Kisha nilimpigia mama. Sikumgombeza. Nilimwambia najua. Akasema, "Mjomba wako hajui kutunza siri." Nikamwambia ameitunza karibu mwaka, na ilikuwa inamla. Akasema, "Hata mimi."

Sasa kamati. Ukumbi mkubwa, meza ya duara, bendera sita ndogo, maji ya chupa. Nilisoma ripoti yangu: uzito, joto, nyuzi ngapi, dakika ngapi. Watu walikuwa wanaitikia kwa kichwa na kuchora maua pembezoni mwa karatasi. Mjumbe mmoja akasema haya ni ya maabara, majumbani watu wanazitumia bila shida. Nikatoa barua yako.

Sikusoma ya mama yote, nilisoma yanayotosha. Nilianzia "Nimekuja kuangalia kosa langu" mpaka kwenye waya unaongoja, kisha nikarukia kwenye ndala za mpira. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa anachora maua. Yule mjumbe wa kwetu, mpole, aliyetaka masharti, akainua mkono akauliza, "Huyo fundi ni wa nchi yetu?" Nikasema ndiyo. Akanyoosha tai yake. Akawageukia wengine akasema, "Ni fundi wetu. Sisi tunapiga kura ya marufuku." Alisema hivyo kama mtu anayetambulisha mtoto wake aliyefaulu. Zikafuata tano. Kura zote sita, mjomba.

Nyumba mpya zote za kanda zitafungwa soketi ya pini tatu za mraba, yenye vizibo. Na kuna jaribio jipya limeongezwa, nililipendekeza mimi: unasukuma kalamu kwenye tundu la juu, na matundu ya chini lazima yabaki yamefungwa. Kwenye karatasi lina namba ndefu. Hapa maabara wanaliita jaribio la mjomba.

Jioni mkuu wangu alikuja mezani kwangu, akaitazama picha yenu. Akauliza, "Ndiye?" Nikasema, "Ndiye." Sijawahi kujivuna namna ile, na sitaomba radhi.

Bisibisi wako

30 Oktoba

Kwako Bisibisi,

Marahaba, marahaba. Huku sote wazima. Mjukuu wa mshona nguo ameota meno mawili.

Jaribio la mjomba! Nimelitangaza mtaa mzima. Mkaza mjomba wako anasema nikilitaja tena mezani ataninyima mboga.

Kazi ya kung'oa imekwisha. Sitini na tatu zimetoka, sitini na tatu za kiwango zimeingia. Na plagi za kigeni nimezikata moja moja na kufunga za pini tatu, zenye waya wa ardhi unaogusa. Nimetazama kila mmoja ukigusa. Mshona nguo alilalamika kidogo. Akasema, "Fundi, lakini ile ya zamani ilikuwa inapokea zote." Nikamwambia, "Ndiyo, hata mauti." Akaniletea kiti nikae.

Jina langu la mtaani limekufa, na jipya bado sijapewa. Nilidhani nitajiona uchi bila lile jina. Sijioni. Halafu juzi ofisi ya umeme wameniita. Wanataka nikaseme mbele ya mafundi wa wilaya nzima kuhusu soketi mpya. Nikawauliza, mnajua kwamba ni mimi niliyefunga zile za zamani? Wakasema, "Ndiyo sababu tunakutaka wewe."

Kwa mama yako nilimaliza mwisho. Pasi yako niliibadilisha waya wote, nikaifunga plagi mpya, nikaipima mara tatu, kisha nikaipima tena. Nikamwambia, "Dada, iko tayari. Ukipenda." Akaitazama kitambo. Akaenda chumbani, nikajua amekataa. Akarudi na shati langu jeupe, lile lile, na gauni lake begani. Alikuwa amelihifadhi shati mwaka mzima, bado lina alama ya pale alipoishia.

Mimi nilisimama mlangoni, mkono kwenye swichi kuu. Akanigeukia, "Ondoa mkono hapo, unanitia woga." Nikauondoa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Akachomeka mwenyewe, akalowesha kidole akagusa bati, ikasema tsss, akaendelea palepale alipokuwa ameishia. Mimi nililia, andika hivyo kwenye ripoti yako.

Kesho nakwenda kuzungumza na mafundi. Nitavaa shati hilo. Leo mshona nguo ametupiga picha mbele ya nyumba, na nimeiweka humu ndani ya bahasha. Mimi usinitazame, tumbo limezidi.

Tazama gauni la mama yako.

Mjomba wako